Mwanangu, Umelalia Nini?

Mfyuuu! Nilisonya mpaka mwenye birika la kahawa akageuka, akidhani kashata zake zimeota ukungu. Kashata zilikuwa nzuri. Kilichonikera ni simu iliyokuwa ikizungushwa mkono kwa mkono hapo kijiweni kwetu Oakland, Jumapili, watu wametoka ibadani, kila anayeishika anaachia sifa. "Mashallah." "Kijana umependeza." "Wapi hapo, nami nikajipigie?" Ilipofika kwangu nikavaa miwani. Ni mtoto wetu mmoja wa Mwanza, mchapakazi, hana neno baya na mtu, amelala chali juu ya maua ya manjano, mikono ameitandaza kama aliye kwenye kitanda alichokinunua kwa fedha yake. Nyuma yake bahari ya Pasifiki.

"Mwanangu," nikamwambia, "umelalia nini?"

"Maua, shangazi. Maua ya porini tu. Hayana mwenyewe."

Basi. Kahawa yangu ilipoa siku hiyo.

Mahali penyewe napajua kama ninavyoijua njia ya kisimani kwetu Pangani. Ni Bodega Head, rasi iliyochomoza baharini kaskazini mwa San Francisco, katika kaunti ya Sonoma, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka tunapokaa. Aliyenipeleka mara ya kwanza ni bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia, maana kazi yangu ni hiyo, kulea wazee wa watu. Kila ikiingia Aprili alikuwa hatulii. Dawa anakataa, chakula anakataa, mpaka umwahidi siku ya kwenda kuona maua. Mimi nikadhani ni utoto wa uzee. Tulipofika akashuka na mkongojo wake, akatembea hatua kama thelathini, akasimama ukingoni mwa kijia, akanyoosha mkongojo. Sikutazama ulikoelekea, macho yangu yalikuwa yameshakimbilia baharini. "Chini," akasema. "Tazama chini." Nikainama, na tangu siku hiyo sijanyanyuka.

Huku California mvua na baridi huja pamoja, kuanzia Novemba hivi mpaka Machi. Kiangazi hakuna tone, vilima vinakauka vikawa na rangi ya mkate. Sasa katikati hapo, mvua zinapoanza kukatika na jua linapoanza kukaza, kila mbegu iliyolala ardhini inabidi ifanye haraka: ichipue, ichanue, izae, kabla ardhi haijapasuka. Ndiyo maana maua hutoka kwa mkupuo, Machi, Aprili na Mei, rasi nzima inavaa. Sisi tuliozaliwa na masika tunalielewa jambo hili bila kufundishwa. Tofauti ni upepo. Upepo wa rasini unakuja na chumvi yake moja kwa moja kutoka bahari kuu, hauna mti wa kuuzuia, kwa hiyo mimea mingi imejibana chini, mingine haipiti kimo cha kidole. Ukipita umesimama wima, macho mbele, utasema umeona rangi. Maua yenyewe hujayaona.

Ukichuchumaa unakutana na ndugu wa vitu vya jikoni kwako. Lile la manjano alilolilalia kijana, dogo kama kifungo cha shati, ni jamii ya alizeti, na ukilisogelea unaona kweli ni alizeti iliyopunguzwa. Lupini ni jamii ya kunde. Mikungu yake mirefu ikishapukutika inaacha maganda kama ya mbaazi. Lipo la waridi lenye mishipa myeupe kwenye petali, wenyeji huliita checkerbloom. Hilo na bamia ni ukoo mmoja, na yeyote aliyewahi kulitazama ua la bamia asubuhi kabla halijanyauka atalijua kwa sura. Halafu lipo moja limelala bapa kabisa juu ya ardhi, duara la manjano lenye ukijani, ndugu wa karoti na giligilani. Jina lake la Kiingereza maana yake ni nyayo za machipuko, kwamba majira yalipita hapo yakaacha alama za miguu. Kwangu mimi, nyayo zinazostahili kubaki pale ni hizo peke yake.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kupatazama. Simwonei mtoto, nilitaka kuona kwa macho yangu. Nikapaona kabla sijafika, kwa sababu palikuwa na umbo. Kichwa, mabega, kiuno, visigino viwili vilivyochimba. Vishina vyembamba kama uzi vimelala vyote upande mmoja, vichwa vya maua vimepondwa vikawa kahawia. Na kando ya umbo lake kulikuwa na maumbo mengine matatu. Kutoka kijia cha halali mpaka hapo kumeshachorwa kijia kipya, upana wa viatu viwili, udongo umeshindiliwa mpaka unang'aa.

Ua lile alilolilalia ni la mwaka mmoja. Halina shina chini litakalochipua tena mwakani, akiba yake yote ni mbegu. Ukililaza kabla halijakomaza, umekula mbegu ya msimu, na mkulima yeyote hapo kijiweni ananielewa. Na udongo ukikanyagwa mara kwa mara unakuwa sakafu, hauyanywi maji, mzizi hauingii. Kinachokuja kuota hapo ni gugu lisilochagua. Kijana wetu hakuiharibu rasi peke yake. Picha yake ndiyo iliyowapeleka wale watatu, au picha ya aliyemtangulia ndiyo iliyompeleka yeye. Mwaka 2019 huko kusini, mji wa Lake Elsinore, vilima vilipogeuka rangi ya chungwa kwa maua ya popi, watu walimiminika mpaka barabara zikaziba, wakalala, wakang'oa, wakapanda miteremko. Maua yaliporudi kwa wingi mwaka 2023 mji ukaifunga njia na maegesho tangu mwanzo. Aliyekuwa na adabu akakosa pamoja na asiyekuwa nayo.

Lakini neno lililonichoma zaidi ni lile la "hayana mwenyewe". Kesho yake kijiweni nilivuta kiti karibu naye.

Kwanza, mwanangu, viumbe wanaoishi kwa maua hayo wapo. Kusini ya Bodega Head, kwenye vilima vya Marin Headlands, unapovuka tu daraja la Golden Gate, kuna kipepeo mdogo wa samawati, upana wa sarafu, anaitwa Mission blue. Tangu 1976 yumo kwenye orodha ya serikali kuu ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kiwavi wake anakula majani ya lupini, tena aina tatu tu za lupini, mengine hayataki. Mama anataga yai moja moja juu ya jani, na sisimizi wanamlinda kiwavi kwa sababu huwatolea majimaji matamu. Sasa wewe umekuja na begi mgongoni, umekanyaga kichaka kimoja cha lupini ili upate picha ya daraja vizuri. Umekanyaga nyumba, chakula na watoto kwa mpigo mmoja.

Pili, rasi ile ina watu wake. Wamiwok wa pwani waliishi pale maelfu ya miaka kabla jina la Bodega halijasikika. Watu wa asili wa California walikusanya mbegu za maua ya mbugani, wakazikaanga na kuzisaga unga wakala. Hayo tunayoyaita mapambo yalikuwa ghala.

Na tatu, hapa ndipo nilipowaona hata wale wa meza ya bao wamegeuka, rasi ile ilikuwa iwe kinu cha nyuklia.

Kweli kabisa. Mwaka 1958 kampuni ya umeme ya PG&E ilitangaza kwamba itajenga mtambo wa umeme pale Bodega Head. Kazi ikaanza, wakachimba shimo refu kwenda chini zaidi ya mita 20. Jirani yake tu umepita ufa wa San Andreas, ule ule uliotikisika mwaka 1906 na kuiteketeza San Francisco. Alikuwepo mama mmoja, Rose Gaffney, mwenye ardhi pale rasini, akakataa, akapambana na kampuni mahakamani, akapiga kelele miaka. Akaja kijana David Pesonen, akaandika makala, akakusanya watu. Mwisho wa Mei 1963 wakapanda rasini wakaachia maputo 1,500 yaende na upepo, kila moja na ujumbe wake, ili watu wa bara wayaokote mashambani na kwenye nyua zao na kuona wenyewe sumu ya mtambo ingewafikia vipi. Lu Watters, mpiga tarumbeta wa jazz aliyekuwa ameshaacha muziki, akaichukua tena tarumbeta kwa ajili ya rasi ile. Wataalamu wa miamba walipoingia shimoni wakakuta ufa umepita humo humo ndani. Oktoba 1964 kampuni ikajitoa.

Shimo lipo mpaka leo, limejaa maji, majani yameota pembeni, ndege wanaogelea. Wenyeji wanaliita tundu la kichwani, maana kwa Kiingereza rasi ile ni kichwa. Na sisi vilevile, kama hamjui: neno letu rasi tumelipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni kichwa. Siku niliyolitambua hilo nilisimama ukingoni mwa lile shimo nikajishika kichwa changu.

"Shangazi, hiyo ni historia ya wazungu," akasema dada mmoja wa Mombasa. Hakusema kwa ubaya. "Wenye kwenda huko ni watu wa viatu vya bei na fimbo mbili mbili. Mimi nina zamu mbili kwa siku. Nitaona maua saa ngapi?"

Swali lake ni la haki na sikulipita. Nilimwambia habari za daktari wa mifugo. Bill Kortum, daktari wa ng'ombe wa Petaluma, alikuwa miongoni mwa waliopinga mtambo wa Bodega. Baada ya hapo, kaskazini zaidi katika kaunti hiyo hiyo, ukaja mradi wa nyumba za kifahari, Sea Ranch, ulioshika kilomita kama 16 za pwani. Sheria inasema ufuo unaofunikwa na maji yanapojaa ni wa umma, lakini utaufikiaje kama njia zote za kushukia zimezibwa na mashamba ya watu? Kortum na wenzake wakalisimamia hilo. Likatoka kwenye kaunti likawa la jimbo zima: Novemba 1972 wananchi wakapiga kura kuunda tume ya kulinda pwani, na mwaka 1976 ikatungwa sheria ya kudumu ya pwani ya California. Leo kuna kijia kina jina lake, Kortum Trail, kinapita Shell Beach kikielekea kaskazini kwenye Goat Rock, juu ya majabali, bahari kushoto kwako, na mwezi Aprili ni maua mwanzo mpaka mwisho. Mtu aliyekuwa akiingiza mkono tumboni mwa ng'ombe kuzalisha ndama ndiye aliyekutengenezea wewe njia, dada yangu, wewe mwenye zamu mbili. Kura ilisema umma, na wewe umo. Mimi nilikwenda na viatu vyangu vya kazini, vile vyeupe vya wodini, na hakuna aliyenirudisha.

Kwenye kijia hicho cha Kortum yapo majabali yaliyosimama peke yake katikati ya nyasi, na pembe zake zimesuguliwa zikawa laini kama kigae, tena juu kuliko mkono wa mtu unavyofika. Breck Parkman, aliyekuwa mwanaakiolojia wa hifadhi za jimbo, anaamini waliosugua ni mamothi, wale tembo wa kale, wakijikuna ngozi baada ya kugaagaa matopeni. Sisi tuliowaona tembo wakijikuna kwenye mibuyu hatuhitaji kubembelezwa kuamini. Nilipapasa jabali lile, baridi, laini, chini yake kumeota airisi za zambarau, nikanusa kiganja changu. Sijui nilitegemea harufu gani.

Hapo kijiweni yupo mzee wetu wa Bukavu, tunamwita Papa. Haongei sana. Akauliza, "Mwana yangu, lile jani nene linalotambaa kote kule pwani, lenye maua ya manjano na ya waridi, nalo ni la kulindwa?"

Nikamwambia, Papa, hilo ni la kwetu Afrika. Limetoka Rasi ya Afrika Kusini. Lililetwa likapandwa kushika udongo kwenye matuta ya reli miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, na likapandwa na barabarani pia. Likaipenda pwani ya huku kupita kiasi. Linatandika mkeka mzito, linafunika lupini, linafunika zile alizeti ndogo, na likinywa maji mteremko unaelemewa unaporomoka. Sasa watu wa kujitolea hushinda Jumamosi nzima wamepiga magoti wakiling'oa kwa mikono.

Papa akanyamaza kidogo. "Limetoka Afrika, na wanaling'oa."

Sote tulisikia alichokisikia yeye. Nilivuta pumzi kabla ya kumjibu, kwa sababu sikutaka kumjibu vibaya. Nikamwambia jani lile halina kosa. Kwao Afrika Kusini lina wanyama wanaolila, lina wadudu wake, lina watu wanaopika jemu kwa matunda yake. Limekaa na majirani wanaoliweza. Huku liliachiwa peke yake bila mtu wa kulipunguza, na waliolipanda hawakumuuliza mwenyeji. Nimeling'oa mimi mwenyewe, siku moja na lile kundi la kujitolea, majani yanavunjika kama tango na kukutemea maji mikononi, na nililia kidogo, na sikuacha kung'oa. Mtu si gugu, Papa. Mtu akifika mahali anaweza kuuliza pa kukanyaga. Papa akatikisa kichwa, akaomba kahawa nyingine.

Baadaye walianza kuuliza mambo ya safari, na hayo niliyasema harakaharaka. Koti la upepo, hata kama Oakland kuna jua. Suruali ndefu na soksi juu ya pindo, kwa sababu ya kupe. Kuna kichaka cha majani matatumatatu yanayong'aa, usikiguse, kinawasha kushinda upupu na muwasho wake unakaa wiki mbili. Ukingo wa jabali usiusogelee, udongo wake unamong'onyoka bila kukuaga. Na ukishuka ufukweni, bahari ile haipewi mgongo; si kama yetu yenye mwamba wa matumbawe mbele unaolivunja wimbi. Ile inatuma wimbi moja kubwa baada ya madogo ishirini, na kila baada ya muda inachukua mtu. Kijana akauliza picha je? Piga, mwanangu, piga mpaka simu izime, ila uchuchumae kijiani na simu uishushe usawa wa ua. Maua yatajaa picha nzima kuliko ulipolala, kwa sababu ulipolala uliyaziba na mgongo wako.

Jumapili iliyofuata hatukukaa kijiweni. Tulikwenda watatu kwenye gari langu, Papa mbele, kijana nyuma na chupa ya chai. Dada wa Mombasa alikuwa zamuni, alinipa maandazi tuende nayo.

Tulikuta ukungu. Rasi yote nyeupe, bahari unaisikia tu, honi ya ukungu inalia mbali. Popi za huko pwani ni za manjano zenye moyo wa rangi ya chungwa, na jua lisipokuwepo hazifunguki. Kila moja imejikunja kama mwavuli, imefungwa kabisa. Kijana akasikitika, akasema tumekosa. Nikamwambia tusubiri. Tukasimama kijiani tukila maandazi, mgongo tumeupa upepo, Papa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Ikapita nusu saa, labda zaidi. Kijana alikuwa ameshachuchumaa, si kwa picha, simu ilikuwa mfukoni, kuukwepa upepo tu, na kwa kuwa alikuwa chini akaanza kuangalia.

"Shangazi, hiki ni nini?"

Lilikuwa tumba la popi, limevaa kofia yake ya kijani iliyochongoka. Popi haifungui kofia hiyo. Petali zinavimba ndani mpaka zinaisukuma yote juu, inachomoka nzima. Ya hilo ilikuwa imeshaachia nusu, pembeni unaona mkunjo wa manjano. Papa naye akapiga goti, taratibu, mkono begani kwa kijana. Akauliza kama anaweza kulisaidia kuivua. Nikasema aache.

Ukungu ukaanza kupasuka upande wa shimo. Jua lilipogusa kijia sikuangalia saa. Kofia ikadondoka kwenye udongo, mbele ya kiatu cha kijana. Akaiokota kwa ncha ya vidole, akaitazama ndani, akampa Papa aitazame, Papa akamrudishia. Kisha akairudisha palepale ilipoangukia.